Mpiga Tumba na Jua la Ijumaa

Siku za Ijumaa, jua likianza kulegea, mlango wa mwisho kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Migori ulifunguliwa kwa kishindo na gurudumu la wilbaro likaanza kulia. Wanawake waliokuwa wakifua walisogeza beseni zao, kuku wakatimka, na Mpiga Tumba akatokea akisukuma ngoma zake mbili ndefu, amezilaza ubavu na kuzifunika blanketi la kijivu kama wagonjwa wanaopelekwa zahanati. Hakumsalimu mtu. Mtu mpole yule, ambaye siku nyingine angesimama kukuuliza hali ya kila ndugu yako, Ijumaa alikupita kama hamjuani. Alikuwa anashindana na jua.

Mkewe alikuwa Msabato, tena si wa kubahatisha. Kwa Wasabato, Ijumaa jua likitua Sabato imeingia, na kazi inasimama mpaka jua la Jumamosi litue nalo. Tangu waoane alikuwa amempa mumewe sharti moja tu: ngoma zisivuke kizingiti cha nyumba ndani ya Sabato. Zikitoka mapema, zimeenda zake, zitalala huko baa na kurudi Jumapili. Zikichelewa, zimechelewa. Na mume naye kazi yake ilikuwa kupiga tumba kwenye baa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo maisha yake yote ya wiki yalipitia kwenye ule mlango na ile saa.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kibanda changu kilikuwa mbele ya ploti hiyo hiyo na chumba changu kilipakana na chao, ukuta mmoja, miaka mingi ya tisini. Nayasema haya kama jirani, na jirani ana ruhusa ya kuongeza chumvi kidogo. Nitajizuia.

Ijumaa moja alichelewa. Mchana alikuwa ametoka na wilbaro tupu, mvua ikalikalisha kwenye matope, na alipofika mlangoni kuzichukua ngoma mkewe alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la Sabato, ameketi kwenye stuli katikati ya mlango akisoma Biblia. Sisi wapangaji tukanyamaza tusikie vita. Hakukuwa na vita. Mzee alilitazama jua, ambalo halikuwapo tena, akamtazama mke, akageuka. Alikwenda kuazima mitungi ya maji ya plastiki kwa mama muuza uji, akapiga mitungi hiyo baa usiku kucha. Mwenye baa alilalamika mwezi mzima. Wanywaji walisema muziki haujawahi kuwa mtamu vile.

Muziki wake ulikuwa wa Kuba. Yeye aliuita "muziki wenyewe," na wa watu wengine wote ukawa ni mwingine tu. Cha-cha, bolero, rumba ile ya zamani kabla Wakongo hawajaifanyia yao. Na Migori ya siku zile ilikuwa ya benga. Huku kwetu gitaa ndilo linaloongea, ngoma inaitikia kwa nyuma, na wimbo usipokimbia watu wanadhani betri zimeisha. Akaja yeye na ngoma za viganja, polepole, katikati ya watu wenye haraka zao. Kwa kabila alikuwa Mkuria, kwa ndoa mkwe wa Wajaluo, na kwa muziki mtu wa ng'ambo ambako hajawahi kukanyaga. Nilimuuliza kama anajua Kuba iko wapi. Akasema iko mbele ya Kongo, ukishavuka maji. Nilikwenda kutazama ramani shuleni kwa binti yangu nikaona si mbali na ukweli.

Alikofika na alikopitia hakuwahi kusimulia kwa mpangilio. Yalimtoka vipandevipande akipaka mikono mafuta ya mgando, maana mikono ile aliitunza kuliko uso. Mara yuko Mombasa anaosha sufuria katika hoteli ya watalii, bendi inafanya mazoezi upande wa pili wa ukuta, naye anaifuatisha kwenye sufuria. Mpiga tumba wao akaenda likizo asirudi, na muosha sufuria akasema yeye anajua nyimbo zote. Mara yuko Nairobi na kiongozi Mkongo aliyekuwa akimpiga kofi la kichwa kila alipokosea, kofi ambalo lenyewe lilikuja kwa mapigo. Mara Kampala. Mara Mwanza, kwenye harusi ya Mhindi, amevaa kofia ya majani. Bendi ya mwisho ilipovunjika kila mtu alichukua kitu, na yeye akachukua ngoma mbili zilizopasuka ambazo hakuna aliyezitaka. Hizo ndizo alizokuja nazo kwetu.

Kulikuwa pia na vijiti viwili vya mti mgumu, vya kugonganisha mkononi: ko, ko, ko, halafu ko, ko. Katika bendi ya pale baa ilikuwa lazima mtu mmoja ashike vijiti hivyo tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha, asifanye jambo lingine lolote. Vijana wa magitaa waliona ni kazi ya adhabu. Yeye aliwaambia vijiti ndivyo mwenye ploti, wao na yeye ni wapangaji. Gitaa lililokimbia kuviacha vijiti aliliambia limehama bila kuaga, na alisimamisha wimbo hata kama watu wako katikati ya kucheza. Alipigiwa mayowe mara nyingi kwa ajili hiyo, na hakujali.

Mwenye baa, ambaye alijua wateja wake, alimpa muziki wenyewe saa moja tu, saa ya kula nyama. Watu wakiwa bado wanatafuna, piga utakacho. Sahani zikiondolewa, benga. Kwa hiyo mtu aliyekuwa amezunguka miji yote hiyo, kazi ya maisha yake ilikuja kuwekwa kati ya ugali na kachumbari. Mimi niliona ni dharau, nikamwambia hivyo. Yeye aliona ni bahati. Alisema mtu anayekula hana haraka, na mtu asiye na haraka ana masikio. Kweli, baada ya muda niliwaona walaji wa pale wakitafuna kwa kufuata vijiti, na wengine wakaanza kufika mapema na kuagiza nyama ndogo ndogo ili saa ile irefuke. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nawashonea wapigaji mashati ya mikono yenye marinda, mapana hata upepo ukaingia, na nilijidai nakwenda kuona kama mshono umekaa.

Ngozi za tumba alizibadili mwenyewe. Hakutaka ngozi yoyote ile. Alitaka ya ng'ombe dume aliyelima miaka mingi, tena sehemu ya shingo, pale nira ilipokaa. Alisema shingo hiyo imeshazoea kubeba. Alizifuata upande wa kwao, karibu na mpaka, akarudi nazo zimekunjwa ndani ya gunia, kisha akazitandaza nyuma ya ploti zikauke. Harufu ile sitaisahau. Mbwa wa mtaa mzima walihamia kwetu. Mama mwenye ploti, mjane mkali mwenye sauti ya baragumu, alitishia kumfukuza kila mara, na kila mara Mpiga Tumba alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaomba samahani, na kesho yake ngozi ikawa bado iko palepale.

Siku moja alikuja kibandani kwangu padri mmoja Mmeksiko aliyekuwa akihudumu upande wa Karungu, nimpime kanzu. Mimi ni Mkatoliki, mapadri walikuja kwangu. Nyuma huko jirani yangu alikuwa anafanya mazoezi na kuimba Kispanyola chake, ambacho alikuwa amekikariri kwa masikio bila kujua hata neno moja. Padri akasimama wima na futi yangu shingoni. Alikwenda nyuma akasikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa, kisha akamweleza kwamba wimbo ule anaoupenda kuupiga kwenye harusi ni kilio cha mwanamume aliyeachwa na mkewe. Mpiga Tumba akasema, "Sawa, Father. Lakini huku kwetu wale wameachwa ndio hucheza sana." Na aliendelea kuupiga harusini. Sijasikia ndoa iliyovunjika kwa ajili yake.

Usidhani alikuwa mtu wa starehe. Aliishi baa nusu ya maisha yake na hakuonja pombe. Alikunywa maziwa lala, yaliyoganda, kutoka kwenye kibuyu alichokwenda nacho. Hakuwahi kucheza dansi, hata hatua moja, na alisema mpishi hali jikoni. Redio ikipigwa kwa sauti kubwa alifunga dirisha. Nyumbani alikuwa kimya hata mgeni angedhani chumba ni kitupu. Na mikono yake laini ilimtia aibu ukweni. Mkewe, ambaye sisi sote tulimwita nyar Karungu, binti wa Karungu, alitoka kwa wavuvi. Mara ya kwanza shemeji zake walipomwita ufukweni asaidie kuvuta wavu, alikataa kushika kamba kwa viganja vitupu, akavua soksi zake akazivaa mikononi. Alivuta vizuri tu, lakini walimwita Soksi tangu siku hiyo, na hata alipopeleka ng'ombe wa mahari, madume makubwa ya Kikuria yaliyowanyamazisha kwa muda, jina halikufutika.

Mkewe alicheka nao, nyar Karungu alipenda kucheka. Aliuza dagaa sokoni, omena kama tuziitavyo huku, na aliimba kwaya kanisani kwao. Alikuwa na haja moja tu maishani, na aliniambia bila kuificha: aketi kanisani siku ya Sabato na mumewe kando yake. Wenzake walikuwa na waume zao. Yeye aliketi na mkoba.

Mzee wa kanisa, mtu mrefu mnyoofu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa tayari kumbatiza Mpiga Tumba wakati wowote. Alifika ploti mara nyingi, nikamshonea hata suruali. Lakini alikuwa wazi: kwanza ngoma zitoke. Kanisani kwao ngoma hazipigwi, na mtu hawezi kutoka majini halafu arudi kwenye nyumba yenye vitu vinavyochezesha walevi. Aliyasema hayo bila ukali, kama daktari anavyosema acha chumvi. Na Mpiga Tumba kila mara alimjibu jibu moja. "Hizo ngoma zikitoka kwa nyumba, mzee, na mimi nimetoka. Mtabatiza nani?"

Mzee wa kanisa aliondoka akisema ataomba. Nyar Karungu alileta chai. Hakumlazimisha mumewe hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililokuwa linamuuma zaidi mume. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Nilimwambia hivyo pia, akanicheka.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu mama mwenye ploti akateleza bafuni akavunjika mguu, na kwaya ya Wasabato ikaja kumwimbia Jumamosi alasiri, kwa kuwa siku yao wanapomaliza ibada hutembelea wagonjwa. Walisimama uani, pale pa kufulia. Nilikuwa kibandani, kazi nimeiweka chini. Waliimba bila chombo chochote, sauti tupu, zile za kiume zikitembea chini na za kike zikipanda juu yake, na kati yake kulikuwa na sauti moja nzito ya kike, yenye kitu kama ukungu, iliyokuwa inawashika wengine wote wasianguke.

Mlango wa mwisho ukafunguka. Mpiga Tumba alikuwa amelala tangu asubuhi, kama alivyolala kila Jumamosi baada ya kazi ya Ijumaa. Alitoka na fulana imegeuzwa nje ndani, kandambili mguu mmoja. Hakuona vizuri waliosimama, jua lilikuwa machoni. Alikuja hadi kwangu na kuninong'oneza.

"Fundi, ni nani huyo anashika sauti ya kati?"

Nilidhani ananitania. "Ni bibi yako, mzee."

Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kumsikia. Nyumbani mkewe hakuimba, alihofu kumwamsha. Kanisani aliimba asubuhi, mume amelala. Mtu aliyejua sauti ya kila gitaa kutoka Mombasa hadi Mwanza hakuijua sauti iliyolala kando yake. Nilimtazama mikono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haikuwa ikigonga chochote. Nilimhurumia, nikamwonea na wivu.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, wilbaro halikulia. Alikwenda baa mikono mitupu kumwambia mwenye baa kwamba Ijumaa na Jumamosi hatapiga tena. Mwenye baa akamwambia basi asipige siku yoyote, akaweka mtambo wa kaseti, na saa ya kula nyama ikafia hapo. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Nilijua sasa ngoma zitatoka na tutabaki na jirani mwenye mikono laini isiyo na kazi. Lakini ngoma hazikutoka. Alizisimamisha pembeni ya kitanda, akazifunika blanketi, na Sabato ya kwanza akaenda kanisani amevaa shati la marinda nililomshonea, kwa kuwa hakuwa na jingine safi.

Muda mfupi baadaye mimi nilihamia Homa Bay, kwa dada yangu, tukafungua duka la sare za shule. Hatukupotezana. Kulikuwa na hoteli moja karibu na ziwa iliyotaka muziki wa taratibu Jumapili mchana, kwa watu wa ofisini na familia zao, watu wanaokula samaki na hawana haraka. Nilimpelekea habari. Akaja na ngoma zake, vijana wawili wa magitaa na mmoja wa kushika vijiti, na safari hii hapakuwa na benga ya kumfukuza sahani zikiondoka. Alipiga muziki wenyewe kuanzia mchana hadi jua linashuka, na watu wakacheza kwenye nyasi, wanene kwa wembamba, wengine na watoto mabegani.

Mara moja alikuja na nyar Karungu. Jumapili si Sabato, bustani si baa, kwa hiyo hakuvunja lolote. Aliketi kando yangu na chupa ya soda, mkoba umekaa mapajani, akimtazama mumewe akifanya kazi kwa mara ya kwanza. Hakutikisa hata mguu. Wimbo ukaisha, mwingine ukaisha. Mume alipokuja mezani amelowa jasho, hakuthubutu kuuliza, akajifanya anatafuta kibuyu chake.

"Kumbe hupigi kelele," mkewe akasema.

Akacheka yule mzee mpaka akakaa chini. Sijui kama kuna sifa aliyopewa Nairobi au Kampala iliyomfikia kama hiyo.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka ule wa mwisho wa miaka ya tisini. Nilikwenda Migori kwa ajili ya vitambaa, nikafika Ijumaa jioni, nao wakanilaza. Ngoma zilikuwa palepale pembeni ya kitanda. Asubuhi nyar Karungu alitangulia na kwaya, sisi tukafuata kwa miguu, na njiani Mpiga Tumba akanipa habari zake. Bado hajabatizwa. Mzee wa kanisa bado anakuja, bado anasema kwanza ngoma, na yeye bado ana jibu lake. Siku hizi, alisema, wakishamaliza hayo wanazungumza mambo ya mahindi. Akanionya kwamba katikati ya ibada wageni huombwa wasimame, waseme majina na wanakotoka, kanisa liwakaribishe. "Usiogope, fundi. Tutasimama wawili. Mimi nimesimama kila Sabato tangu nianze kuja." Maana katika kitabu cha kanisa si mshirika, na asiye mshirika ni mgeni. Watoto wa pale walikuwa wameshajua maneno yake kwa moyo na waliyasema pamoja naye chinichini. Aliniambia hayo kwa kucheka, lakini nilikuwa nimemjua siku nyingi, na kicheko kile hakikufika mbali.

Tuliketi benchi ya tatu kutoka nyuma. Kwaya iliimba, na Mpiga Tumba aliinamisha kichwa kuisikia sauti ya kati. Nyar Karungu alipomaliza akaja kuketi, yeye katikati yetu, mkoba ameuweka chini sakafuni.

Kisha mzee wa kanisa akasimama mbele na miwani yake ya uzi. Akatoa salamu za Sabato, akatangaza mazishi na harambee ya bati, akasema wageni wetu wasimame watusalimie. Nikasimama. Upande wa pili wa mkewe, Mpiga Tumba naye akasimama, akakohoa, akafunga kifungo cha juu cha shati. Watoto wa benchi ya mbele wakageuka tayari kuyasema maneno naye.

Mzee wa kanisa alitutazama.

"Leo naona mgeni mmoja," akasema.

Mpiga Tumba akageuka nyuma kutafuta huyo mgeni ni nani, akanitazama mimi, akamtazama mzee wa kanisa. Hakukaa. Nafikiri hakuelewa.

"Mzee, wewe kaa," akaambiwa. "Wewe si mgeni hapa."

Nyar Karungu alimshika mkono wa shati, pale kwenye marinda, akamvuta taratibu mpaka akakaa. Aliketi na ile mikono mapajani, viganja vikitazama juu, na mkewe hakuuachia mkono wake. Na mimi nikabaki nimesimama peke yangu mbele ya Wasabato wote wa Migori, machozi yananitoka, nao wananingoja niseme natoka wapi.